Kuyeyuka na Kumumunyika: Uhakiki wa Istilahi Mbili za Kemia

Katika majiko ya Ganda, magharibi ya mji wa Malindi, husemwa kwamba chumvi imeyeyuka mchuzini, na kwamba barafu ya muuza samaki imeyeyuka juani. Kitenzi ni kimoja, matukio ni mawili. Barafu imegeuka maji kwa kupata joto tu, wala haikuhitaji kitu cha pili. Chumvi kavu haiyeyuki mpaka ifikie nyuzi 801 za Selsiasi. Kabla ya hapo sufuria yenyewe ya aluminiamu ingekuwa imekwisha kuyeyuka, kwa nyuzi 660. Lililotokea mchuzini ni jambo jingine: chembe za chumvi zimeachana na kutawanyika kati ya chembe za maji.

Waundaji wa istilahi waliliona tatizo hili, wakachukua kitenzi mumunya na kutunga mmumunyo. Wapo wanaolikebehi neno hili kwa kuwa linamkumbusha mtu kibogoyo na peremende yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake. Peremende haipungui kinywani kwa joto bali kwa mate, na dhana ya kimiminika kinachopokea kitu kingine imo tayari ndani ya neno la kawaida. Kosa letu ni kuliacha mmumunyo litumike bega kwa bega na myeyusho, kana kwamba ni hiari ya mwandishi. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Muda wa kuvumilia maneno mawili kwa dhana moja umepita.

Hasara yake huonekana somo linapopanda. Moli moja ya sukari katika kilo moja ya maji hushusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi 1.86 hivi. Moli moja ya chumvi hukishusha karibu mara mbili ya hapo, kwa sababu kila jozi ya chumvi hutengana kuwa ioni mbili, ilhali molekuli ya sukari hubaki nzima. Kinachotenda kazi ni hesabu ya chembe, si aina yake. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba vyote viwili “vimeyeyuka” atawezaje kuuliza swali la hesabu? Nakiri kwamba mumunyika nalo halionyeshi kutengana huko. Lakini angalau halimpotoshi.

Kwenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, jua huyapunguza maji ya bahari mpaka yasiweze tena kuibeba chumvi yote, nayo hujitenga ikawa punje. Kwa hali hiyo napendekeza mmumunyo ulioshiba, kwani kushiba hakuhitaji maelezo. Kwa zile tabia zinazofuata hesabu ya chembe napendekeza sifa za idadi. Udhaifu wa istilahi hii naujua: haisemi ni idadi ya nini.