Pongezi kwa Fundi Anayepima
Afrika Kusini ilianza matangazo rasmi ya televisheni tarehe 5 Januari 1976, kwa hiyo seti za mwanzo zilizowashwa katika nyumba za Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, sasa ni za nusu karne. Fundi anayezifufua namsifu hasa kwa shaka yake. Picha ikisinyaa na kubaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, mwenye seti huilaumu tyubu; kumbe kosa laweza kuwa rezista ndogo isiyo na dalili ya kuungua, ambayo ukinzani wake umepanda kimyakimya kwa miaka, au lehemu yenye ufa mwembamba kama unywele. Jicho hudanganyika hapo. Mita husema kweli.

Wapo wanaosema: badilisha kapasita zote, yaishe. Ni kweli kapasita hizo hukauka, hata zilizokaa tu stoo. Lakini anayebadilisha zote kwa mpigo huweza kufunga moja kinyume, chanya kwenye hasi, akaongeza kosa jipya juu ya lile la zamani asijue tena lipi ni lipi. Wengine huuliza faida, maana skrini bapa zimejaa madukani. Sawa, lakini mkono uliozoea kufuata umeme hatua kwa hatua ndio huo huo unaotengeneza redio na inveta.

Ukiwa na seti ya zamani, usiifungue mwenyewe. Tyubu huweza kushikilia maelfu ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa. Mpelekee fundi.