Kusikia na Kusikiliza: Wimbo wa Taarabu kwa Msikilizaji Anayeumizwa na Sauti

Kitenzi kusikia katika Kiswahili hakiishii masikioni. Mtu husikia sauti, lakini pia husikia njaa, baridi, uchungu na harufu. Kitenzi kusikiliza, kinachotokana na mzizi uleule, kinadai zaidi: kinadai nia na uzingativu. Uhakiki wa nyimbo za Kiswahili umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kitenzi hiki cha pili. Mhakiki huyanukuu maneno ya wimbo, huyapanga katika beti na mishororo, kisha huchambua fani na maudhui kana kwamba kila aliyekuwapo ukumbini aliyapata maneno hayo bila kikwazo. Makala haya yanadai kwamba dhana hiyo haisimami pindi anapozingatiwa msikilizaji ambaye sauti humwumiza, na kwamba taarabu, kwa jinsi inavyoitegemea hadhira yake, huudhihirisha upungufu huo waziwazi.

Hali zinazohusika si moja. Katika hiperakusisi, sauti ambazo wengine huziona za kawaida humfikia mtu kwa ukubwa usiovumilika, pengine kwa maumivu halisi. Misofonia, istilahi iliyoasisiwa na Margaret na Pawel Jastreboff mwaka 2001, haitegemei ukubwa wa sauti: sauti mahususi, aghalabu za kutafuna au kuvuta pumzi, huamsha hasira na fadhaa hata zikiwa za chini. Aidha, watu wengi wenye usonji huathiriwa mno na sauti. Kwa mhakiki, hali hizi zinakutana katika jambo moja: mwili hujibu kabla maana haijafika. Kusikia hutangulia, na wakati mwingine kusikiliza hakutokei kabisa.

Katika taarabu asilia ya Unguja, inayoendelezwa na vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, sauti ya mwimbaji huandamana na kanuni, udi, fidla na nai. Lahani hurudiwa ubeti baada ya ubeti, na ala hujaza nafasi iliyo kati ya beti. Vina na mizani kwa kawaida huelezwa kuwa ni urembo wa shairi au msaada wa kumbukumbu. Kwa msikilizaji anayejadiliwa hapa, vina na mizani vina kazi ya tatu: humpa ilani. Mizani humwarifu urefu wa mshororo, na kina humwonesha mahali utakapotua. Kwa kuwa sauti ya ghafla kwa wengi huumiza kuliko inayotarajiwa, arudhi hapa si pambo lililovikwa maudhui. Ni sehemu ya yale yanayowezesha maudhui kupokewa.

Hata hivyo, haifai kuhitimisha kwamba taarabu ya zamani ni laini na ya kisasa ni kelele. Sauti ya Siti binti Saad, iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928, hutufikia ikiwa imefunikwa na mkwaruzo wa sahani ya santuri. Msikilizaji mmoja huuzoea mkwaruzo huo kwa sababu haubadiliki. Mwingine hawezi kuuvuka ili aifikie sauti. Enzi ya wimbo peke yake haitabiri namna utakavyosikika mwilini.

Suala linakuwa zito zaidi pale hadhira inapojibu. Vigelegele ni sauti nyembamba, kali na ya ghafla, na havifuati mizani ya shairi. Wala havipigwi ovyo: aghalabu hupigwa pale fumbo linapotambulikana, neno linapogonga. Katika mipasho iliyoshamiri miaka ya 1990, pamoja na vinanda vya umeme na vipaza sauti, mahali hapo ndipo wimbo ulipoelekea tangu mwanzo. Hivyo basi, msikilizaji anayeumizwa na sauti huziba masikio katika nukta ileile ambapo maana imefika kileleni. Anachokikosa si sehemu yoyote tu ya wimbo, bali kiini chake.

Hasara hiyo ina upande wa kijamii. Askew (2002) ameonesha jinsi wanawake wa Tanga walivyotumia kutunza katika taarabu kama njia ya kusemezana na hata kugombana bila kutaja jina. Katika muktadha huo kila kitendo ni usemi: anayeinuka, wakati anaoinuka na anakoelekea. Anayetoka nje katikati ya mpasho huweza kusomwa kuwa limempata. Mwili unaokimbia sauti unahesabiwa kuwa umekiri kosa. Methali isemayo kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi, ambayo huwafaa sana waimbaji wa mipasho, inachukulia kwamba kupuuza kelele ni suala la hiari na ushupavu. Kwa mtu huyu, mlango unamkosesha usingizi kweli, wala hana la kuficha.

Huenda ikapingwa kwamba hayo ni mambo ya tabibu, si ya mhakiki. Pingamizi hiyo inakinzana na msingi unaofundishwa katika fasihi simulizi, kwamba fanani, hadhira na muktadha ni sehemu za kazi yenyewe. Ikiwa vigelegele ni sehemu ya wimbo, basi anayevikimbia naye ni sehemu ya hadhira, na kuondoka kwake kunadai kufasiriwa kwa uangalifu uleule.

Mtafiti wa uwandani hahitaji vifaa vipya ili kulitekeleza hili. Anahitaji kuandika, pembeni mwa maneno ya wimbo, mahali sauti inaporuka ghafla, mahali inapotulia, nani aliyekaa karibu na vipaza sauti, nani aliyetoka na kama alirudi. Anahitaji pia kumuuliza aliyetoka kabla ya kumfasiri. Matini iliyoandikwa hivyo itaonesha kwamba ukumbi mmoja huweza kuwa na nyimbo zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na kwamba ule uliochapwa kwenye karatasi ni wa wale walioweza kubaki ndani.