Tendo, Kosa na Hatia katika Shauri la Karama: Kusoma Upya *Kusadikika*

Tangu ilipochapishwa mwaka 1951, *Kusadikika* ya Shaaban Robert imesomwa zaidi kama istiari ya utawala wa kikoloni. Nchi inayoelea angani imefasiriwa kuwa Tanganyika iliyokuwa chini ya Uingereza, na Majivuno kuwa sura ya watawala wasiovumilia kusahihishwa. Usomaji huo una mashiko, ila umeigeuza mahakama kuwa fremu tupu ya kupachikia visa vya wajumbe sita. Mahakama hiyo inastahili kusomwa kama mahakama.

Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Jambo linalopitwa kwa haraka na wahakiki wengi ni kwamba hakani kitendo chenyewe. Katika jinai, kitendo peke yake hakitoshi kumtia mtu hatiani: sharti kiwe kimekatazwa na sheria, na kwa makosa mengi kiandamane na nia ovu. Majivuno anacho kitendo tu. Hatari kwa dola, ambayo ndiyo ingekuwa nia, anaitoa katika kitendo hichohicho, kana kwamba kufundisha sheria ni ushahidi wa kutaka kuivunja. Ama sheria iliyokatazwa mafunzo hayo, hiyo haiwekwi mezani. Utetezi wa Karama kwa hiyo hauhusu nani alitenda nini. Unahoji kama pana kosa lolote la kujibiwa.

Hapo ndipo visa vya Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini vinapopata uzito wa kisheria. Mwendesha mashtaka makini angeweza kuvipinga kwa hoja kwamba yaliyowapata watu wengine hayathibitishi wala kukanusha shtaka la Karama. Kwa kanuni za kawaida za ushahidi, pingamizi hilo lingekuwa na nguvu. (Labda ndiyo sababu wasomaji huviona visa hivi kuwa mchepuko.) Lakini kila mjumbe alitumwa kwa ajili ya nchi, akarejea na maarifa, akaishia kifungoni. Vikikusanywa pamoja, visa hivyo vinaonyesha mazoea ya dola ya kuadhibu kwanza bila kutaja kosa. Karama anaingia akiwa mshtakiwa, na kadiri anavyosimulia, baraza lenyewe ndilo linalojikuta kizimbani.

Ni vyema pia kukumbuka wakati wa riwaya. Mwaka 1935, katika shauri la Woolmington, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikuwa imesisitiza kwamba jukumu la kuthibitisha shtaka liko kwa upande wa mashtaka. Kanuni hiyo ilihubiriwa hata makoloni, huku sheria za uchochezi zikiacha mwanya mpana wa kumwadhibu msemaji kwa maneno yake. Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa serikali hiyo, anaiweka kanuni mahali pasipoizingatia: Kusadikika inamdai mtuhumiwa ajisafishe. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 13(6), inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika, na inakataza kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa. Makatazo yote mawili yamo tayari katika hoja za Karama.

Udhaifu wa riwaya uko katika hukumu. Karama anaachiwa na wajumbe wanafunguliwa, na wasomaji wengi huridhika. Hata hivyo, kisheria kuna tofauti kubwa kati ya kuachiwa huru kwa sababu shtaka halikuthibitika na kuachiwa kwa sababu mtawala ameguswa. Riwaya inazichanganya njia hizi mbili, kwani mwamuzi ni mfalme yuleyule ambaye dola yake iliwafunga wajumbe. Utu wa mfalme unaziba pengo ambalo lilipaswa kuzibwa na sheria. Ushahidi uleule, mbele ya mfalme mwenye moyo mgumu zaidi, ungempeleka Karama kifungoni kuwa wa saba.