Jina Lililoandikwa Kisuni

Wako watu wanaodharau picha ya chakula. Husema kwamba mchoraji hodari huchora vita na wafalme. Naye achoraye jibini na samaki amekosa kazi. Nami nalisema hivyo, hata nilipoitazama sawasawa picha moja ya Clara Peeters.

Mama huyu alikuwa mchoraji wa Flanders, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji. Picha yake ya kwanza yenye tarehe ni ya mwaka 1607. Zamani zile wanawake hawakuruhusiwa kujifunza kuchora mwili wa mtu aliyevua nguo, kama wanaume walivyojifunza. Basi njia ya picha kubwa za masimulizi ilikuwa imefungwa mbele yao. Yeye akaichagua meza.

Picha ninayoinena ilichorwa ubaoni kwa rangi za mafuta yapata mwaka 1615, nayo imo katika nyumba ya Mauritshuis, mjini The Hague. Juu ya meza zimepangwa jibini kubwa, yaani maziwa yaliyogandishwa na kushindiliwa. Juu yake sahani ya siagi. Kando lozi, tini, zabibu kavu na mikate iliyosokotwa. Jibini yaonyesha alama za kisu kilipopita, na siagi yang'aa kwa unyevu wake.

Sasa tazama kisu cha fedha ukingoni mwa meza: ubavuni mwake limeandikwa jina CLARA PEETERS. Kisha tazama kifuniko cha gudulia: humo waonekana uso mdogo wa mwanamke, ndiye mchoraji mwenyewe. Madaftari ya chama cha wachoraji wa Antwerp yaliyosalia hayana jina lake; bali kazi yake inalo.

Ana upungufu pia. Meza za Frans Snyders, mchoraji wa Antwerp wa wakati ule ule, zimejaa vitu na vishindo; za Clara ni kimya, na pengine kila kitu chasimama peke yake kama mgeni asiyejuana na wenzake. Lakini kimya hicho ndicho kinachotufanya tutazame.

Nyumba ya Prado, mjini Madrid, ilifunguliwa mwaka 1819. Haikumfanyia mchoraji mwanamke maonyesho yake peke yake mpaka mwaka 2016, nayo yalikuwa ya Clara Peeters. Ilimpasa kungoja sana. Basi tusimpime mchoraji kwa ukubwa wa jambo alilolichora, bali kwa uaminifu wa jicho lake.