'Dau' Mnadani: Uhakiki wa Istilahi

Tumepata kusoma rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa mnada uliomo katika World of Warcraft, mchezo wa kompyuta uliotolewa Marekani mwaka 2004. Mfasiri anaandika Kiswahili fasaha. Hata hivyo, neno moja limempotosha, na kwa kuwa linaenea, hatuna budi kulijadili.

Neno lenyewe ni 'dau'. Kila ataje bei mnadani ameitwa 'mweka dau'. Lakini dau ni fedha ya kamari; ashindwaye huipoteza. Katika mchezo huu sivyo. Muuzaji hupanga bei ya kuanzia, na muda wa saa 12, 24 au 48. Mnunuzi akitaja bei, dhahabu yake ya mchezoni huzuiliwa. Akipitwa na mwingine, hurudishiwa yote. Mbinu ya wanunuzi hodari imejengwa juu ya kanuni hiyo: hutaja bei ndogo kwa silaha nyingi kwa mara moja, wakijua kuwa zile watakazozikosa hazitawagharimu kitu. Msomaji aliyeambiwa 'dau' ataiona mbinu hiyo kuwa ni upotevu wa mali, ilhali ndiyo njia ya kuitunza.

Wako watakaosema: basi tutumie 'zabuni'. Twakubali, ila kwa tahadhari. Tangu zamani kuzabuni ni kutoa bei mnadani. Maofisini, hata hivyo, neno hili limezoeleka katika ununuzi wa umma, ambako bei hufichwa mpaka siku ya kufunguliwa, na mara nyingi aliye na bei ya chini ndiye apewaye kazi. Mnadani mambo ni kinyume: bei huonekana, na ya juu ndiyo ishindayo.

Kwa hiyo twapendekeza 'kuzabuni' kiwe kitenzi, na 'zabuni ya mnada' iwe nomino, ili isichanganywe na ile ya ofisini. Bei ambayo mnunuzi akiilipa mnada huisha papo hapo, mfasiri ameiita 'dau kuu'. Yafaa iitwe 'bei ya kukatisha mnada', kwani hapo hakuna tena kushindana.

Istilahi isiyoonyesha ni nani apataye hasara haijatimiza kazi yake. Walimu na wafasiri wenye maneno yafaayo zaidi wanakaribishwa kutuandikia.