Mtoto Hasafiri kwa Fumbo

Hapana neno ambalo washairi wetu wamelitumikisha likachoka kama neno safari. Mtu akizaliwa, yumo safarini, akioa, ameanza safari, akizeeka, safari yakaribia bandari, akifa, amesafiri. Sina ugomvi na fumbo hilo kwa asili yake. Watu wa pwani na visiwa, walioishi kwa kungojea kaskazi na kusi, walikuwa na haki ya kuuona umri wa mwanadamu kuwa ni chombo kilichotweka tanga, na baadhi ya tungo zetu zilizo bora zimetoka humo. Ugomvi wangu ni mwingine, na kwa sura ni mdogo: katika wingi wote huu wa safari, mtoto yuko wapi? Yule aliyebanwa nyuma ya gari kati ya shangazi na gunia la mchele, asiyejua kwamba anapita duniani, ajuaye tu kwamba anakwenda kwa bibi, nani amemwimba?

Swali hili lilinijia kwa masikio kabla ya macho. Msomaji wa Unguja au Pemba mwenye jamaa Maskati huenda amewahi kuketi barazani na kijana aliyekuja likizo, akamsikia akisimulia safari za utotoni za kwenda Salala. Kila mwaka, tangu mwishoni mwa Juni hadi Septemba, kusi ile ile tuijuayo huleta ukungu na manyunyu katika milima ya Dhofar, na familia za kaskazini hulikimbia joto kwa kuvuka jangwa, mwendo wa kilomita zipatazo 1,000, kupitia Haima na Thumrait. Kijana husimulia vizuri: chupa ya chai miguuni mwa mama, ugomvi wa kukaa dirishani, barabara iliyonyooka hata baba akawa anaimba ili asisinzie, kisha ghafla baada ya Thumrait vioo vinapata unyevu na watoto wanapiga kelele. Lakini mpe kalamu kijana huyo huyo, umwombe shairi. Chupa ya chai inatoweka. Mama anatoweka. Linabaki jangwa, nalo ni jangwa la dunia. Na Salala si Salala tena, ni pepo ya wenye subira. Mtoto ameshushwa njiani, na mtu mzima mwenye mawaidha amepanda mahali pake.

Kosa si la kijana. Tuliomtangulia hatukumwachia mfano. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, anatwambia katika habari za maisha yake kwamba alianza kusafiri akiwa na umri wa miaka 12. Jambo hilo linakwisha kwa maneno machache na mara tumo katika pembe na bunduki. Shaaban Robert katika Maisha Yangu ni mtu mzima mwenye kazi na ahali. Adam Shafi katika Mbali na Nyumbani (2013) ametuandikia safari ndefu kutoka Unguja kupitia Uganda na Sudan hadi Misri na kuendelea, lakini msafiri wake ni kijana aliyeamua mwenyewe kuondoka, na kuamua ndiko kunakomtenga mtu na utoto. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) anarudi likizo nyumbani Ukerewe akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Anaiona njia kwa uchungu wa msomi. Kwa ajabu, aliye karibu zaidi na jicho la mtoto ni Salim bin Abakari, ambaye habari za safari yake ya Urusi na Siberia zilichapishwa na Velten mwaka 1901. Alikuwa mtu mzima, lakini hakuona haya kustaajabu, wala hakulazimisha kila alichokiona kiwe na maana.

Mtoto mwenyewe nimemkuta katika riwaya moja tu iliyonishika, nayo haikuandikwa kwa Kiswahili. Ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 1994, ambayo tangu 2022 tunaisoma kama Peponi kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mwenye umri wa miaka 12, anaambiwa kwamba anakwenda safari pamoja na mjomba Aziz. Anafurahi, kwa kuwa kuna treni. Kumbe Aziz si mjomba wake, na yeye ni rehani ya deni la baba yake. Neno safari hapa ni pazia, na watu wazima ndio walioshika kamba zake.

Pazia hilo mimi nililijua Nshamba.

Nshamba iko wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, katika iliyokuwa nchi ya Ihangiro. Jangwa huko hulioni: kuna migomba, mvua, na ubaridi wa jioni unaomshangaza mgeni atokaye pwani. Hata hivyo, kwetu sisi tuliolelewa Bukoba mjini, ndiko tulikopumzikia. Kila Desemba tulipakiwa katika pikapu ya ndugu wa baba, watoto nyuma, na njia ikaanza kuhesabiwa: Kemondo, ambako meli ya Mwanza hutia nanga, Muhutwe, Muleba, kisha kuacha barabara kuu na kupanda. Katika nchi ambayo iliwahi kupiga marufuku magari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa petroli, familia nzima kuwa ndani ya gari moja lilikuwa jambo la kutangazwa kwa majirani. Tulibeba sukari, mafuta ya taa na sabuni. Tulirudi na ndizi, kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwa majani makavu ya mgomba, na senene kama msimu ulikuwa umejaalia. Sakafu ya nyumba ya bibi ilikuwa imetandazwa nyasi mpya. Tukiitwa, ilitupasa kuitika "waitu" na si "naam" ya mjini, na aliyesahau alirudishwa mlangoni aanze upya.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Ugonjwa haukuwa na jina. Watu wakauita Juliana, kwa jina la nguo za magendo kutoka Uganda zilizopendwa na wenye fedha. Sisi nyuma ya pikapu hatukuambiwa jina lolote. Tulichokiona ni kwamba safari ziliongezeka. Zamani tulikwenda Desemba. Sasa tulikwenda Machi, tukaenda tena Juni, katikati ya masomo, na mama hakuimba njiani. Mwaka mmoja nilimwuliza bibi alipo mjomba wangu, yule aliyekuwa akinibeba begani hadi kisimani. Alinijibu kwa neno moja: amesafiri. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilidhani ameipata zamu yake ya pikapu. Nyuma ya nyumba, kibanjani, kulikuwa na udongo mwekundu uliochimbuliwa karibuni, nikaukanyaga nikienda kutafuta mapera.

Sasa msomaji ataelewa kwa nini fumbo hili silioni kuwa pambo tu. Linapokaa kinywani mwa mtu mzima anayejua upande wake wa pili, ni hekima. Linapotolewa kwa mtoto asiyejua, ni uongo wenye vina. Nshamba ilijaa yatima. Na katika miaka ya 1990 ilianzishwa huko huko kazi ya Humuliza, jina ambalo kwa Kihaya lina maana ya kufariji, iliyowafunza walimu na walezi namna ya kuwasikiliza watoto waliofiwa na kuwaachia waseme. Sijui shairi la Kiswahili lililofanya kazi hiyo. Tuliandika mashairi ya kuonya, ya kunasihi, ya kuwalaumu wazinzi, mengi mno. Mtoto aliyekuwa nyuma ya gari hakulaumiwa wala hakusikilizwa.

Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa habari hii na mtu wa bara. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakapotea. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikazama MV Spice Islander njiani kwenda Pemba. Chombo kinapozama kweli, fumbo la chombo linakuwa bubu. Anayetaka kuomboleza hulazimika kurudi kwenye vitu: kiatu, godoro, jina la aliyekata tiketi.

Najua jibu la wahafidhina wa fani, nami naliheshimu: shairi si orodha ya mizigo, na mambo madogo hayastahili bahari kumi na sita za mizani. Jibu la upande wa pili, wa waliovunja vina tangu Kichomi (1974) na Malenga wa Bara (1976), ni kwamba kamba ndiyo iliyomzuia mtoto asipande. Wote wawili, naona, wamekosea mahali. Wengi wa wanamapinduzi wa fani walikata vina lakini wakaliacha fumbo kuu palepale, na katika tungo zao huru safari bado ni ya taifa, au ya nafsi, au ya kwenda kaburini. Na arudhi haimkatazi mtoto. Hebu hesabu kwa vidole. Kemondo ni mizani tatu. Muhutwe ni tatu. Muleba ni tatu, na Nshamba, ukiipa ile n yake haki yake, ni tatu. Weka "hadi" katikati, na barabara yenyewe inakupa mshororo: Kemondo hadi Muhutwe, Muleba hadi Nshamba. Nane kwa nane, bila kupunguza wala kuongeza. Kina cha mwisho ni rahisi, kwa kuwa -mba ina shamba na kamba na wengine wengi. Kina cha kati, -twe, ni kigumu kidogo, lakini kinavuta vitenzi ambavyo mtoto anavijua vizuri: tuitwe, tupitwe, tuletwe.

Simsifu mshororo huo kwa uzuri. Nasema tu kwamba hauna mawaidha, na kwamba mtu aliyepita njia ile akiwa na miaka saba atausoma na kusikia giya zikibadilishwa. Wahaya wenyewe walilijua jambo hili. Katika enanga, tendi zinazoimbwa kwa zeze la ubao, ambazo Mugyabuso Mulokozi amezichunguza kuliko mtu yeyote, na katika majigambo yaitwayo ebyebugo, jina la mahali si kivuli cha kitu kingine. Shujaa alipita hapa, akalala pale. Msikilizaji anapajua, na moyo wake unatembea naye. Majina yanabeba uzito kwa sababu hayakugeuzwa kuwa maana.

Udhaifu wa njia hii naukubali. Kumbukumbu ya utotoni ina sukari nyingi, na mtunzi asiye mwangalifu atatuletea nyasi mpya na senene na bibi mcheshi, kama kadi ya posta. Dawa yake, kwa maoni yangu, ni kutomruhusu mtu mzima ajue zaidi ya alivyojua mtoto. Pikapu iende. Mama asiimbe, na shairi lisituambie kwa nini. Udongo mwekundu uwe udongo, na mapera yawe mapera. Msomaji ana akili yake, naye ataujua msiba kabla ya mtoto.

Nimejaribu mara kadhaa kuutunga ubeti huo na bado haujakaa. Mshororo wa kwanza ninao, kwa kuwa nimepewa na barabara. Wa pili unanishinda kila mara pale gari linapoacha njia kuu Muleba na kuanza kupanda, kwa kuwa hapo nilikuwa hulala, na wakubwa, wakidhani wote tumelala, walianza kuzungumza Kihaya kwa sauti ya chini.