Mswada Uliolala: Ufadhili, Jumuiya na Suala la Ukamilifu katika Uandishi wa Tillie Olsen

Uhakiki wa fasihi umezoea kuitazama kazi ya sanaa kama zao la kipawa cha mtu mmoja. Mtazamo huu, ambao mizizi yake imo katika ulimbwende wa Ulaya, huacha swali muhimu bila jibu: ni nini huamua kwamba mswada mmoja ukamilike na mwingine ubaki kabatini? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kumrejelea Tillie Olsen, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka 2007, ambaye riwaya yake Yonnondio: From the Thirties aliianza mwaka 1932 na kuichapisha mwaka 1974. Hoja inayotetewa ni kwamba ufadhili unaomweka mwandishi miongoni mwa waandishi wenzake huweza kumrejesha kazini, lakini hauwezi kuifidia miaka iliyopotea. Thamani ya Yonnondio imo katika kuukiri ukweli huo kwa umbo lake lenyewe.

Olsen alizaliwa Nebraska katika familia ya wahamiaji Wayahudi kutoka Urusi, na hakumaliza shule ya upili. Sura ya kwanza ya riwaya yake ilitoka katika jarida la Partisan Review mwaka 1934, nayo ikawavutia wachapishaji. Random House ilimpa mkataba pamoja na malipo ya kila mwezi ili aikamilishe. Hakuikamilisha. Jambo hili halina budi kuzingatiwa na wale wanaodhani kwamba tatizo la mwandishi ni fedha peke yake. Fedha zilikuwepo, kilichokosekana ni mazingira ambamo mama kijana, mwanaharakati wa wafanyakazi, angeweza kuandika bila kutengana na mtoto wake wala na watu aliowaandikia. Kwa takriban miaka ishirini iliyofuata alilea mabinti wanne na kufanya vibarua vya kila aina, huku mswada ukiwa umelala.

Mabadiliko yalianza katika miaka ya 1950. Mnamo 1955 Olsen alipata ufadhili wa uandishi katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambako alisoma kazi zake mbele ya waandishi wengine na kuzisikiliza zao. Mkusanyiko wake wa hadithi, Tell Me a Riddle, ulitoka mwaka 1961, na hadithi iliyoupa mkusanyiko huo jina ikatunukiwa tuzo ya O. Henry mwaka huohuo. Mwaka 1962 alijiunga na taasisi ya Radcliffe iliyoasisiwa na Mary Bunting kwa ajili ya wanawake ambao kazi zao zilikatizwa na majukumu ya nyumbani. Taasisi hiyo ilidai shahada ya uzamifu au mafanikio yanayolingana nayo katika sanaa. Humo Olsen alikutana na washairi Anne Sexton na Maxine Kumin.

Ikumbukwe kwamba Olsen hakuimaliza riwaya yoyote Radcliffe. Kwa kipimo cha mhasibu, ufadhili huo ulishindwa. Hata hivyo, mhadhara aliowatolea wenzake huko kuhusu waandishi walionyamazishwa na hali za maisha ulichapishwa katika Harper's mwaka 1965, na hatimaye ukawa kiini cha kitabu chake Silences cha mwaka 1978. Jumuiya ilimpa hadhira ya watu waliolijua tatizo hilo kwa kulipitia. Kile alichokuwa amekidhania udhaifu wake binafsi kilidhihirika kuwa suala la kitabaka na kijinsia.

Ufahamu huu ndio ulioelekeza namna alivyoushughulikia mswada wa zamani. Karatasi zake zilipatikana kwa bahati, wakati kitu kingine kikitafutwa. Katika miaka ya 1972 na 1973, akiwa katika makao ya wasanii ya MacDowell, New Hampshire, alizipanga na kuziunganisha. Sura nne za mwanzo zilikuwa karibu kukamilika. Zilizofuata zilimtaabisha zaidi. Uamuzi wake mkuu ulikuwa kutoongeza maandishi mapya. Mwandishi mzee alichagua na kupanga. Kijana wa miaka ya 1930 ndiye aliyebaki mtunzi.

Matokeo ya uamuzi huo yanaonekana katika muundo. Familia ya Holbrook inahama kutoka mgodini Wyoming hadi shambani Dakota Kusini, kisha hadi mji wa machinjio, na kila mara matumaini yanavunjika. Msomaji anatarajia ama maangamizi ama ukombozi. Badala yake riwaya inakomea katika siku ya joto kali, mtoto mchanga Bess akigongagonga kifuniko cha chupa na kufurahia nguvu za mkono wake. Tukio ni dogo, lakini linabeba dhamira nzima: uwezo wa kiumbe kuumba upo tangu utotoni, na kinachofuata hutegemea jamii. Mwisho uliotungwa baadaye ungeuficha mkatiko uleule ambao riwaya inauzungumzia.

Kwa hivyo neno “kukamilisha” linahitaji kufafanuliwa upya. Katika kisa cha Olsen, kukamilisha kulikuwa kuutoa mswada kwa wasomaji pamoja na pengo lake. Funzo hili halihusu Marekani tu. Vikao vya waandishi wanawake vya FEMRITE, vilivyoanzishwa Kampala katika miaka ya 1990, vimejengwa juu ya imani iyo hiyo kwamba mwandishi huhitaji masikio ya wenzake. Mhakiki anayepima asasi kama hizo kwa idadi ya vitabu pekee atakosa kuona kazi yake kubwa zaidi, yaani kumwezesha mwandishi kuelewa kwa nini alinyamaza. Aidha, atasahau kwamba msaada uliocheleweshwa una gharama: Requa I, aliyoichapisha Olsen mwaka 1970, haikupata kamwe sehemu ya pili.